Umeme Hurudi Ulikotoka: Historia ya Eathi na Transfoma katika Majengo ya Biashara

Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1886, maduka kadhaa kwenye barabara kuu ya Great Barrington, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, yaliwashwa taa za umeme uliotoka kwenye mtambo uliokuwa mbali na maduka hayo. Mwenye kazi hiyo alikuwa William Stanley, mhandisi wa miaka 27 aliyekuwa akifadhiliwa na tajiri wa viwanda George Westinghouse. Mtambo wake ulitoa umeme wa volti 500, ambao ungeunguza taa za wakati ule mara moja. Kwa hiyo Stanley aliweka transfoma katika vyumba vya chini vya baadhi ya majengo, na kila moja ikazishusha volti 500 kuwa 100 kabla umeme haujapanda dukani.

Kwa maneno mengine, transfoma iliingia katika jengo la biashara tangu siku zake za kwanza kabisa. Iliingia na swali ambalo Wamarekani walihitaji karibu miaka mia moja kulijibu sawasawa: siku koili za ndani zikigusana, au waya ukichubuka ukutani na kugusa chuma, umeme huo utapita wapi, na ni kitu gani kitaukata?

Ukimuuliza fundi leo, huenda akajibu haraka: "Utaenda ardhini." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ndiyo inayookoa maisha, na historia ya eathi, yaani kuufunga mfumo wa umeme ardhini, ni historia ya jinsi nusu hiyo ilivyochelewa kufahamika.

Ardhi inageuzwa waya

Imani kwamba ardhi humeza umeme ilianza kabla ya taa za umeme. Mwaka 1752 Benjamin Franklin alikwisha kuonyesha kwamba radi ni umeme, na muda mfupi baadaye fimbo za chuma zilianza kusimamishwa juu ya mapaa na kuunganishwa na udongo kwa waya. Kwa radi mpango huo ni sahihi, kwa sababu wingu na ardhi ndizo pande mbili zinazotafutana. Radi inapofika ardhini imefika ilikokuwa ikienda.

Mwaka 1838 mtaalamu wa Munich, Carl August von Steinheil, alikuwa akijaribu kutumia reli za treni kati ya Nürnberg na Fürth kama nyaya za telegrafu. Jaribio lilishindikana, kwani umeme ulivuja kutoka reli moja hadi nyingine kwa kupitia udongo. Badala ya kukata tamaa, Steinheil aligundua kwamba udongo wenyewe ungeweza kufanya kazi ya waya wa kurudi. Kampuni za telegrafu zilifurahi. Mahali palipohitaji nyaya mbili sasa ulitosha mmoja, na bamba la chuma likazikwa kila mwisho wa njia. Telegrafu ilitumia mkondo mdogo sana, kwa hiyo upinzani wa udongo haukuwa na madhara makubwa.

Kati ya matukio hayo mawili kuna la tatu. Agosti 1831, huko London, Michael Faraday alizungusha nyaya mbili kwenye pete moja ya chuma, kila moja upande wake, bila kugusana. Alipowasha au kuzima umeme katika koili ya kwanza, sindano ya kipimo kilichofungwa kwenye koili ya pili ilicheza. Umeme haukuvuka kutoka waya hadi waya. Kilichovuka ni nguvu ya sumaku, nayo ikazaa umeme mpya katika koili ya pili.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote yatakayofuata. Koili ya pili ya transfoma ni chanzo kipya cha umeme. Mkondo unaotoka kwenye ncha yake moja ni lazima urudi kwenye ncha yake nyingine, na hauna safari nyingine yoyote. Ukipitia udongo, unapita tu. Mwisho wa safari yake ni koili ile ile ulikotoka. Telegrafu na fimbo za radi ziliwazoesha watu kudhani kwamba ardhi ndiyo kituo cha mwisho, na mazoea hayo yaliwagharimu waliokuja kuweka taa.

Msongo mkubwa unaingia ndani

Miaka ya mwanzo ya 1880, Mfaransa Lucien Gaulard na Mwingereza John Gibbs waliuonyesha ulimwengu kwamba umeme wa mkondo geu (AC) unaweza kusafirishwa mbali kwa volti nyingi kisha kushushwa karibu na mtumiaji. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz huko Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, walitengeneza transfoma yenye chuma kilichofunga mzunguko kamili, ambayo ilipoteza umeme kidogo. Stanley akafuata Great Barrington. Ndani ya miaka michache miji ya Marekani ilijaa nyaya za volti 1,000 na zaidi zilizopita juu ya barabara hadi kwenye transfoma za maduka, hoteli na ofisi.

Ndani ya transfoma hizo, kilichotenganisha koili ya msongo mkubwa na koili ya taa kilikuwa pamba, karatasi na vanishi. Vitu hivyo huchakaa kwa joto na unyevu. Vikitoboka, volti elfu moja na ushee huingia katika nyaya zilizokusudiwa kubeba volti mia. Taa zinaweza kuendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa kuwa tofauti ya volti kati ya waya mmoja wa taa na mwingine haibadiliki. Kinachobadilika ni tofauti kati ya nyaya hizo na sakafu. Mtu akisimama kwenye sakafu yenye maji na kuzungusha swichi, mwili wake ndio unaokuwa njia.

Tarehe 11 Oktoba 1889 jiji la New York lilishuhudia jinsi msongo mkubwa unavyoweza kujificha katika waya usioogopwa. John Feeks, fundi wa nyaya za telegrafu, alipanda nguzo katika mitaa ya Manhattan saa za mchana ili kuondoa nyaya zilizokuwa zimeachwa. Waya alioushika ulikuwa wa telegrafu, lakini mahali fulani mbali na pale ulikuwa umegusana na waya wa msongo mkubwa. Alifia juu ya nguzo mbele ya umati uliojaa barabarani, na mwili wake ulibaki umenaswa kwenye nyaya kwa muda mrefu. Wakati huo Thomas Edison, aliyeuza umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa volti 110, alikuwa katika vita vya kibiashara na Westinghouse, na kifo kile kikawa silaha ya wapinzani wa mkondo geu.

Dawa ya hatari ya transfoma ilikwisha kupendekezwa. Elihu Thomson, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Thomson-Houston, alishauri katika miaka hiyo ya 1880 kwamba koili ya pili iunganishwe na ardhi kwa makusudi. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Kama upande wa taa umekwisha kufungwa ardhini, msongo mkubwa ukiuvamia utapata njia ya kurudi kwenye chanzo chake, mkondo utakuwa mkubwa, na fyuzi ya upande wa msongo mkubwa itakatika. Volti za upande wa taa nazo zitashikiliwa karibu na zile za sakafu anayoikanyaga mtu.

Ubishi wa wenye bima

Waliokataa hawakuwa wajinga. Walikuwa kampuni za bima ya moto, na ndizo zilizokuwa na sauti kubwa kuliko zote juu ya nyaya za majengo. Katika mfumo usiofungwa ardhini, waya mmoja ukigusa bomba hakuna kinachotokea. Ni lazima waya wa pili nao uguse ndipo cheche zitoke. Ukiufunga mfumo ardhini, mguso mmoja tu unatosha kuleta shoti. Mwaka 1892 bodi ya kampuni za bima ya moto ya New York ililaani kitendo cha kufunga ardhini waya wa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye chanzo, ikisema kinaleta hatari ya moto, na ikataka kikome.

Pande zote mbili zilitetea usalama, ila kila upande uliogopa kitu tofauti. Mwenye bima aliliogopa jengo kuungua. Mhandisi aliogopa mtu kufa. Aidha, hoja ya bima ilikuwa na tundu: mguso wa kwanza usioonekana haurekebishwi na mtu, kwa sababu hauleti usumbufu wowote. Unakaa kimya hadi wa pili utakapokuja, pengine katika chumba kingine na baada ya miezi mingi.

Kulikuwa pia na vurugu ya kanuni. Kufikia 1895 Marekani ilikuwa na kanuni tano tofauti za umeme zilizotumika kwa wakati mmoja. Maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893, yaliyowaka taa kwa maelfu, yalikuwa yamezifanya kampuni za bima kumtuma kijana William Henry Merrill akague hatari zake, na kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Underwriters Laboratories mwaka 1894. Mwaka 1897 wahandisi, wasanifu majengo na watu wa bima walikubaliana juu ya kanuni moja ya taifa. Waingereza walikuwa wamewatangulia, kwani chama chao cha wahandisi wa telegrafu na umeme kilitoa kanuni za kwanza za kuzuia moto wa taa za umeme mwaka 1882.

Juu ya kufunga transfoma ardhini, kanuni ya Marekani ilisogea kwa hatua fupi fupi, kutoka kukataza hadi kuruhusu. Mwaka 1913 hatimaye iliamuru: upande wa pili wa transfoma ufungwe ardhini kila inapowezekana volti zake dhidi ya ardhi zisizidi 150. Ubishi uliodumu zaidi ya miaka ishirini ukaisha kwa ushindi wa wale walioogopa kifo cha mtu. Hata hivyo, ushindi huo ulifundisha nusu ya kwanza tu ya somo.

Bomba la maji na nondo za zege

Baada ya 1913 swali lilikuwa: ufunge wapi? Mijini jibu lilikuwa bomba la maji. Mtandao wa mabomba ya chuma uliozikwa chini ya mji mzima ulikuwa na mguso mkubwa na udongo kuliko fimbo yoyote. Mashirika ya maji hayakufurahi kuona mali yao ikigeuzwa sehemu ya mfumo wa umeme, na baadaye mabomba ya plastiki yaliingia sokoni na kuikata njia hiyo kimyakimya. Fundi wa bomba alibadilisha kipande cha mita chache, na jengo zima likapoteza eathi yake bila fundi umeme kujua.

Jibu bora zaidi lilitoka jangwani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Herbert Ufer alikuwa mshauri wa jeshi la Marekani katika maghala ya mabomu jimboni Arizona, karibu na Tucson na Flagstaff. Maghala hayo yalihitaji kinga ya radi, lakini udongo ulikuwa mkavu na hakukuwa na mabomba ya maji ya kutegemea. Ufer alitumia nondo zilizokuwa ndani ya misingi ya zege. Zege lililo ardhini hufyonza unyevu na kuutunza, na eneo lake la kugusana na udongo ni kubwa. Alipopima tena miaka mingi baadaye, misingi hiyo ilikuwa bado na upinzani wa chini ya omu 5. Alitoa matokeo yake mbele ya wahandisi mwaka 1963, na mwaka 1968 kanuni ya Marekani ikaitambua njia hiyo. Leo misingi ya majengo mengi ya biashara ndiyo eathi yake, na fundi anayeacha kuunganisha nondo kabla zege halijamwagwa hapati nafasi ya pili.

Fimbo ya shaba haiangushi breka

Sasa tufike kwenye nusu ya pili ya somo. Kanuni ya Marekani ilikubali fimbo moja ya eathi ikiwa upinzani wake hauzidi omu 25. Tufanye hesabu. Waya wa volti 120 unagusa kasha la mashine ambalo limeunganishwa na fimbo hiyo tu. Gawa 120 kwa 25: unapata ampea 4.8. Breka ya soketi ni ya ampea 15 au 20. Haitakata sasa, haitakata kesho. Kasha litabaki na umeme, likimsubiri mtu wa kuligusa.

Kinachokata breka ni waya au chuma kinachotoka kwenye kasha la mashine na kurudi moja kwa moja hadi nyutro ya transfoma, bila kupitia udongo. Kazi hii ya kuvifunga vyuma vyote pamoja na kuvirudisha kwenye chanzo, yaani kufungamanisha, ndiyo inayoufanya mkondo wa hitilafu kuwa mamia au maelfu ya ampea, na breka ikakata kufumba na kufumbua. Eathi na ufungamanishaji ni kazi mbili. Eathi hushughulikia radi, msongo mkubwa uliovamia, na kuzuia volti kuelea. Ufungamanishaji hushughulikia shoti ya kila siku.

Viwanda vilitoa ushahidi wa upande wa eathi. Amri ya 1913 haikugusa mifumo mikubwa, kwa hiyo viwanda vingi viliendelea kutumia volti 480 bila kufunga ardhini, vikifurahia kwamba hitilafu moja haisimamishi kazi. Vitabu vya wahandisi vimehifadhi kisa cha kiwanda ambacho cheche za hapa na pale katika kifaa cha kuwashia mota zilipandisha volti dhidi ya ardhi hadi kupita 1,200. Wakati mafundi wakitafuta chanzo kwa muda wa saa mbili hivi, mota kati ya 40 na 50 ziliungua. Mfumo ulioelea hauna kitu cha kuushikilia chini.

Ushahidi wa upande wa pili ulitoka kwenye majengo ya ofisi. Baada ya vita, taa za mirija, viyoyozi na lifti viliongeza mzigo wa umeme, na wasanifu wakahamia mfumo wa njia tatu wa volti 480 kati ya njia na njia, na 277 kati ya njia na nyutro. Taa za volti 277 zilihitaji mkondo mdogo, na kwa hiyo shaba kidogo. Mfumo huu ulifungwa ardhini vizuri, ila ulikuwa na siri mbaya. Mkondo geu wa Marekani hupita sifuri mara 120 kwa sekunde, na kila mara cheche huzimika na kulazimika kuwaka upya. Volti 120 hufikia kilele cha 170 hivi, na mara nyingi cheche hushindwa kurudi. Volti 277 hufikia kilele cha karibu 390, na cheche hurudi tena na tena. Mkondo wake hupunguzwa na cheche yenyewe, kwa hiyo breka kuu ya maelfu ya ampea huuona kama mzigo wa kawaida. Mabodi makubwa ya umeme yaliyeyuka hadi yakawa donge, na breka zake zikiwa hazijakata.

Mwaka 1960 R. H. Kaufmann na J. C. Page waliandika uchambuzi wa tatizo hilo. Mwaka 1966 mhandisi Eustace Soares akatoa kitabu kizima juu ya kufunga mifumo ya umeme ardhini kwa ajili ya usalama, akisisitiza kwamba fimbo ya eathi na njia ya kurudi ya shoti zisichanganywe kamwe. Mwaka 1971 kanuni iliamuru breka kuu za ampea 1,000 na zaidi katika mifumo ya aina hiyo ziwe na kifaa cha kuhisi umeme unaovuja. Kifaa hicho ni pete inayozunguka nyaya zote pamoja na nyutro. Kinachotoka kikilingana na kinachorudi, pete hutulia. Kikipungua, maana yake kuna umeme unaorudi kwa njia nyingine, na breka huamriwa ikate. Ni pete ya Faraday iliyopewa kazi ya ulinzi.

Transfoma za ghorofani

Majengo marefu yaliongeza ugumu. Umeme haukushushwa tena chini tu. Katika minara ya World Trade Center ya New York, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, umeme wa kilovolti 13.8 ulipandishwa hadi kwenye ghorofa za mitambo zilizokuwa katikati na juu ya jengo, kisha ukashushwa huko. Hata katika majengo ya kawaida ikawa desturi kuweka transfoma ndogo kavu, zisizo na mafuta, karibu na ofisi zenyewe, ili kuzigeuza volti 480 kuwa 208 na 120 za soketi.

Kila transfoma ya namna hiyo ni Great Barrington mpya. Koili yake ya pili haijaunganishwa na ya kwanza kwa waya wowote. Nyutro iliyofungwa ardhini kule mtaani haina habari na nyutro ya ghorofa ya 20. Kwa hiyo palepale ghorofani ni lazima nyutro mpya ifungwe kwenye kasha la transfoma, kasha lifungwe kwenye nguzo za chuma za jengo au eathi iliyo karibu, na nyaya za kinga za soketi zote zirudi hapo.

Makosa yako mawili. La kwanza ni kusahau kiungo hicho. Taa zitawaka, kompyuta zitafanya kazi, mkaguzi mvivu ataridhika. Lakini waya wa moto ukigusa chuma, mkondo hauna njia ya kurudi kwenye koili, na breka haitakata. La pili ni kufunga mara mbili, mara moja kwenye transfoma na tena kwenye bodi ya ghorofa. Hapo mkondo wa nyutro, ambao ni mkondo wa kila siku, hugawanyika: sehemu inapita kwenye nyutro na sehemu kwenye mabomba, fremu za madirisha na nguzo za jengo. Hauui kwa haraka, lakini unapasha moto viungo ambavyo havikuundwa kubeba mkondo, unavuruga vifaa vya mawasiliano, na unaipofusha pete ya kuhisi uvujaji, kwa kuwa umeme tayari unarudi kwa njia zisizo zake.

Kosa la pili lilivumiliwa hadi kompyuta zilipojaa ofisini katika miaka ya 1980 na 1990. Vifaa vya kielektroniki huvuta umeme kwa mapigo, na mapigo hayo huzaa mikondo ya masafa mara tatu ya kawaida. Katika mfumo wa njia tatu mikondo hiyo haifutani kwenye nyutro, bali hujumlishana, na nyutro inaweza kubeba hadi mara 1.73 ya mkondo wa njia moja. Nyutro ziliungua katika majengo ambayo hesabu zake za zamani zilisema ziko salama. Watengenezaji walileta transfoma zenye nyutro nene zaidi, na kwa kuwa mkondo wa nyutro ulikuwa umeongezeka, wahandisi wakaanza kutafuta kila kiungo cha ziada kilichofichwa katika mabodi.

Kwetu

Afrika Mashariki ilirithi njia ya Kiingereza na baadaye kanuni za kimataifa, siyo kanuni ya Marekani. Kwetu umeme wa kilovolti 11 au 33 hushushwa kuwa volti 400 kati ya njia na njia, na 230 kati ya njia na nyutro. Koili ya pili ya transfoma hufungwa kwa umbo la nyota, na kitovu cha nyota hiyo huunganishwa na ardhi. Fizikia haijali kanuni ni ya nani. Gawa 230 kwa omu 25: ampea 9.2. Breka ya ampea 32 haitajua lolote. Pale ambapo jengo linategemea fimbo yake peke yake, ni lazima kuwe na kifaa cha kuhisi uvujaji mdogo. Kuzaliwa kwa vifaa hivyo kuna sehemu ya Afrika: katika miaka ya 1950 Henri Rubin alivitengeneza Afrika Kusini kwa ajili ya migodi ya dhahabu.

Kwenye matumbawe ya pwani na miamba ya Mwanza, fundi huweza kuzika fimbo tatu na bado kipimo kikakataa kushuka. Wengine humwaga chumvi na mkaa shimoni. Chumvi huoshwa na mvua, na hula chuma. Nondo za msingi zingefanya kazi hiyo kwa miaka yote ya jengo kama zingekumbukwa mapema.

Wizi wa shaba nao umerudisha hatari ya miaka ya 1880. Waya wa eathi wa transfoma ukikatwa usiku, asubuhi taa zinawaka kama jana. Hakuna mteja anayelalamika. Siku msongo wa kilovolti 11 utakapopenya kwenye koili ya pili, maduka yote yaliyounganishwa yatakuwa katika hali ile ile ambayo Elihu Thomson aliionya.

Kuna pia jenereta. Karibu kila jengo kubwa la biashara Dar es Salaam au Nairobi linayo, nayo ni chanzo kingine chenye koili na nyutro yake. Swichi ya kubadilisha chanzo isipoigusa nyutro, na nyutro ikafungwa ardhini pande zote mbili bila mpango, jengo linapata kosa la pili la ghorofani.

Kwa mwenye jengo, msimamizi au mpangaji mkubwa, historia hii inaacha maswali matatu ya kumwuliza fundi kabla ya kusaini hati ya kukabidhiwa kazi. Nyutro ya kila chanzo imefungwa ardhini wapi, na ni mahali pamoja tu? Waya wa moto ukigusa chuma katika ghorofa ya juu kabisa, mkondo utarudi kwenye koili ya transfoma kwa njia gani, na kipimo chake ni omu ngapi? Nani atapima tena, na lini? Fundi akijibu kwa kuonyesha fimbo iliyochomekwa ardhini peke yake, hajajibu. Mwambie arudi na kipimo.